Namtafutia mdogo wangu mwanasaikolojia, tupo Rungwe: rufaa inaanzia wapi, na nani analipa?

#1 Mwl_Kiwira
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 23, kajifungua mtoto wake wa kwanza miezi mitano iliyopita. Tangu hapo amebadilika. Usiku anaamka kabla hata mtoto hajalia, anakaa kitandani anaangalia ukuta. Chakula anakigusagusa tu. Mtoto anamnyonyesha na kumwogesha vizuri, ila hamchekei. Juzi akaniambia mtoto angepata mama mwingine angekua vizuri zaidi. Nimeogopa.

Tulishaenda kituo kimoja, tukatoka na vidonge vya kuongeza damu na vingine vya usiku. Hakuna aliyekaa naye akamsikiliza. Mimi nataka mtu wa kuzungumza naye, sitaki vidonge. Je, lazima rufaa au naweza kumpandisha kosta nikamfikisha Mbeya mjini moja kwa moja? Na malipo? Mimi nina NHIF ya utumishi, ile bima ya taifa ya afya, lakini yeye ni mdogo wangu, sikumzaa. Shemeji anaendesha bodaboda, bima hana. Wenye uzoefu karibuni. Wa kejeli wapite kimya kimya.

#2 NgojaWaje
Ngoja wajuzi waje. Mimi nimeshavuta kiti.

#3 Mzee_wa_Ulanzi
Pole sana mkuu. Ila hapo saikolojia haimo. Huyo mtoto kapewa jina la nani? Huku kwetu Iringa mtoto akipewa jina wazee wa upande wa baba hawajaulizwa, mama yake usingizi anausikia kwa jirani. Itisheni kikao cha familia kwanza, hospitali baadaye.

#4 Mfanyakazi_Hoi
Mkuu, kadi yako haimgusi. Mwanachama anaandikisha mwenza na wategemezi wanne: watoto, wazazi, wakwe. Mdogo mtu wa miaka 23 hayumo. Na usije ukamwazima kadi aingie nayo dirishani, wanahakiki, itafungiwa na wewe ubaki unaangalia. Asilimia 6 ya mshahara wanayotukata inatulinda sisi na hao tuliowaandika tu.

#5 Karani_Sokomatola
#4 hukatwi 6. Unakatwa 3, na mwajiri anaongeza 3. Soma hati yako ya mshahara mpaka chini, usiishie pale kwenye mkopo.

Mwalimu, mwambie shemeji ajiandikishe CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii. Ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya, watu wasiozidi sita, mwaka mzima. Yeye, mke na mtoto wamo, na nafasi inabaki. Aulize kwa mwandikishaji wa kijiji.

#6 Kijana_Mwanjelwa
CHF ndugu yangu? Ile inaishia zahanati. Panadoli na pole.

#7 Karani_Sokomatola
Unaongelea ya zamani, ile uliyokuwa unatibiwa kituo kimoja tu ulichoandikishwa. Iliyoboreshwa inapanda ngazi mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, ili mradi uwe na karatasi ya rufaa. Hospitali ya kanda haifiki, hapo nakubali.

#8 Nesi_Mstaafu_Njombe
Kamwene. Nimefanya kazi wodi ya wazazi maisha yangu yote, sasa nimestaafu nalima parachichi. Mwalimu, nisome taratibu.

Hiyo kauli ya mtoto kupata mama mwingine usiiache ilale. Muulize waziwazi: unawaza kufa? Unawaza kumdhuru mtoto? Kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunamtua. Akikubali, au akianza kusikia sauti, kuona watu wasiokuwepo, kudai mtoto huyo si wake, siku hiyohiyo mpeleke hospitali ya karibu yenye daktari, iwe usiku, iwe mvua ya Tukuyu. Dharura haidaiwi rufaa. Na mpaka mmefika asiachwe peke yake na mtoto.

Kama hajafika huko, fuata ngazi: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, rufaa ya mkoa, kisha rufaa ya kanda. Wewe ni wa Rungwe, ya wilaya ni Makandana hapo Tukuyu. Ukiruka ngazi kwenda Kanda utahudumiwa, ila utatoa fedha mfukoni kuanzia kumwona daktari.

Halafu kuna mlango ambao watu wanausahau. Huduma za mama na mtoto katika vituo vya serikali hazilipiwi, na mtoto chini ya miaka mitano halipiwi. Mtoto wa miezi mitano chanjo ya wiki 14 keshapata, surua ni mpaka miezi tisa, lakini uzito anapimwa kila mwezi. Siku ya uzito nenda naye, umwombe nesi wa kliniki mkae faragha kidogo. Rufaa inaweza kuanzia hapohapo, bila kupanga foleni ya wagonjwa wa nje.

Waombe pia wampime wingi wa damu na tezi ya shingo. Damu ikipungua, au tezi ikilegea baada ya kujifungua, mtu anakuwa hivyohivyo unavyoeleza na unaweza kumzungusha kwa washauri mwaka mzima bure. Na hivyo vidonge vya usiku vinaitwaje? Ananyonyesha huyo.

#9 Kijana_Mwanjelwa
Mama umemaliza kila kitu. Parachichi bei gani huko Njombe?

#10 Mwl_Kiwira
Ugonile mama, ndaga fijo. Nimemuuliza kama ulivyosema. Alilia sana. Anasema hawazi kujiua wala kumdhuru mtoto, ila anatamani alale asiamke kwa muda. Pakiti imeandikwa amitriptilini. Na wakuu, mimi ni mwanamke, hiyo "mkuu" naipokea tu.

#11 Nesi_Mstaafu_Njombe
Kutamani kulala usiamke nako si jambo dogo dada, muongeze mwendo. Amitriptilini si ya usingizi tu. Kwa dozi ndogo inaleta usingizi, kwa dozi ya kutosha ni dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tangu enzi zetu. Huyo aliyeiandika huenda alishaona tatizo, kakosa muda wa kuwaeleza. Rudi umuulize alikusudia lipi, na umkumbushe kwamba ananyonyesha. Ikiwa ni ya sonona, huchukua wiki mbili hadi nne mtu aanze kuona tofauti. Asiikatishe bila kuuliza na jirani asimwongezee nyingine.

#12 Mzee_wa_Ulanzi
Sasa si ndiyo hayo, mpaka pakiti inabidi isomewe mtandaoni. Mimi narudia: jina la mtoto.

#13 Dereva_wa_Tunduma
Mzee wa Ulanzi leo umeanza saa ngapi?

#14 Binti_Kitanzini
Kamwene wote. Nichangie kama mtu wa fani. Nimesoma saikolojia ya ushauri pale Chuo Kikuu cha Iringa, kwa hiyo hili la "wako wapi wanasaikolojia" naulizwa kila sherehe ya ukoo.

Mwalimu, ukifika dirishani ukasema "namtaka mwanasaikolojia", wengi watakuangalia tu. Ulizia kitengo cha afya ya akili. Humo kuna watu wa aina nyingi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili kaanza na udaktari, anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa, yeye anatibu kwa mazungumzo yenye mpangilio, mnakutana kwa awamu, mnapeana kazi za nyumbani. Mshauri nasaha anasaidia mambo ya msiba, ndoa, majibu ya vipimo. Halafu kuna wauguzi na matabibu waliosomea afya ya akili, na wilayani mara nyingi hao ndio utakaowakuta. Usiwadharau. Muuguzi aliyefundwa vizuri anaweza kukaa na mdogo wako kuliko bingwa mwenye wagonjwa hamsini nje ya mlango.

Sasa kwa nini ni wachache? Tulihitimu wengi. Mmoja yupo kwenye mradi wa UKIMWI, mmoja benki, mmoja ana kibanda cha fedha kwa simu hapa Miyomboni, tena kachangamka kuliko sisi. Nafasi za ajira za kada yetu kwenye hospitali ni za kuhesabu. Hilo ndilo tatizo, wala si kwamba wataalamu hawapo.

#15 Karani_Sokomatola
Binti, naomba nipingane kidogo. Hata nafasi zingekuwepo, nani angelipia? Kipimo kina risiti, dawa ina risiti. Saa nzima ya mazungumzo utaiandikaje kwenye fomu ya madai? Mwenye bima atauliza "mmefanya nini?" Mkijibu "tumeongea", anacheka. Hospitali nayo inaangalia kinacholeta fedha.

#16 Dereva_wa_Tunduma
Ninyi wote mnazunguka. Watu hawaendi! Mimi barabara hii naipita Mbeya, Makambako, Mafinga mpaka Dar. Madereva wanapata ajali, wanaona maiti barabarani, wiki ijayo wanashika usukani. Nani kati yetu atakubali kuonekana kwenye foleni ya kitengo cha akili? Ukionekana pale, hata tajiri anakunyang'anya gari. Weka wanasaikolojia mia, watakaa wanacheza drafti.

#17 Binti_Kitanzini
Madereva hawaendi kwa sababu hawajui mtu anayewasubiri yupo. Yai na kuku hiyo.

#18 Mwana_wa_Mbalizi
Naongea kwa uzoefu wa nyumbani, simtaji mtu. Binamu yangu alizama kwenye heroini. Alipata nafuu kupitia kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia walioacha heroini, pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Dawa haikulipiwa, na kilichonishangaza ni kwamba kabla ya dawa walikaa naye wakamsikiliza, na sisi ndugu tukaitwa. Kwa hiyo mazungumzo ya bure yapo, ila yamejificha ndani ya huduma nyingine. Mwenye virusi vya UKIMWI anayakuta CTC, kliniki yao ya dawa na matunzo. Aliyepigwa au kubakwa anayakuta kituo cha mkono kwa mkono, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto ana namba 116, kupiga ni bure. Mtu mwenye huzuni tupu, asiye na virusi, asiye na heroini, asiyepigwa, ndiye anayezunguka kama mdogo wake mwalimu.

#19 NgojaWaje
#18 hii ingekuwa ya kwanza kabisa.

#20 Kijana_Mwanjelwa
Kwa hiyo ushauri wenu ni aanze heroini?

#21 Mwana_wa_Mbalizi
Wewe endelea na parachichi.

#22 Mtumishi_Rungwe
Bwana asifiwe. Mimi ni mwinjilisti, Moravian. Dada mwalimu, kanisani kuna wamama wamezika watoto, wamefukuzwa na waume, na bado wanasimama. Waite wakae na mdogo wako. Hawadai bima. Maombi yapo, na uji wa ulezi upo.

#23 Karani_Sokomatola
Mtumishi sina ugomvi na uji. Ugomvi wangu ni pale mgonjwa anapofungiwa chumbani siku kadhaa afunge na kuombewa huku dawa zimemwagwa. Nimeona hayo kwa jirani.

#24 Mtumishi_Rungwe
Hayo sikuyasema. Sijawahi kumwambia mtu aache dawa ya hospitali. Mama mwenye kunyonyesha hata kufunga simruhusu.

#25 Binti_Kitanzini
Mtumishi ana hoja kuliko anavyojua. Zimbabwe daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 na bibi 14 kule Mbare, Harare. Wakafundishwa kuzungumza na watu wenye sonona kwenye benchi nje ya kliniki: unamsikiliza, mnachagua tatizo moja, mnalipangia hatua. Mwaka 2016 utafiti ulichapishwa kuonyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hizo zimefika Malawi, hapo tu ng'ambo ya Kasumulu, na Zanzibar pia. Tofauti na wamama wa kanisani ni kwamba hao bibi walifundwa, na kuna mtaalamu nyuma yao wa kupokea kesi nzito.

#26 Mzee_wa_Ulanzi
Kwa hiyo Wazungu wakisikia bibi wanaita utafiti, mimi nikisema kikao cha wazee mnaniuliza nimeanza saa ngapi.

#27 Dereva_wa_Tunduma
Chibanda ni Mzimbabwe, mzee. Ila hapo umenikamata kidogo.

#28 Mfanyakazi_Hoi
Turudi kwenye fedha. Kuna jambo la msamaha halijatajwa. Kwenye utaratibu wa kuchangia huduma za afya kuna makundi yanayosamehewa: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye magonjwa sugu fulani. Magonjwa ya akili yamo. Asiye na uwezo kabisa naye ana njia yake: barua ya mtendaji wa kijiji au kata, uende nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akuhoji, aridhie. Nilimpitisha baba mdogo njia hiyo.

#29 Karani_Sokomatola
Ongezea: msamaha hauzalishi dawa. Ikikosekana dirishani, unaambiwa kanunue nje. Na hakikisha ugonjwa umeandikwa kwenye faili. Ukiandikiwa "maumivu ya kichwa" peke yake, afisa ustawi atakusamehe kwa lipi?

#30 Msafiri_wa_Mtera
Mimi kaka yangu tulimfikisha hospitali ya Mirembe, Dodoma. Watu wanaikwepa, wanasema ukiingia hutoki. Kaka alitoka, sasa anafundisha ufundi seremala Mafinga na ananidai. Sema ni mbali. Kutoka Iringa unashuka Mtera mpaka Dodoma, nauli ya wawili, chakula, mahali pa kulala anayemsindikiza. Mkipiga hesabu ya gharama pigeni na hiyo. Hospitali ilitupa nafuu, barabara ndiyo iliyotumaliza.

#31 Kijana_Mwanjelwa
Mirembe si ya vichaa ile? Dada wa watu ana huzuni tu.

#32 Msafiri_wa_Mtera
Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Wanaotibiwa na kurudi kwao jioni wapo tele. Ila ni kweli kwa mdogo wake mwalimu hakuna haja ya kufika huko kabla Mbeya haijashindwa.

#33 Usinitaje
Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Mimi nililipa binafsi, kwa simu, mtu yupo Dar mimi nipo Vwawa. Elfu thelathini kwa saa. Ilinisaidia, sitakataa. Kilichonishinda ni mtandao kukatika pale ninapofikia jambo zito, na mume wangu kuuliza naongea na nani kila Alhamisi. Nikaacha njiani. Anayetaka njia hii atafute kwanza chumba na vocha, na aulize mtaalamu amesomea wapi. Siku hizi mtu akihudhuria semina ya wiki moja anajiita mwanasaikolojia.

#34 Binti_Kitanzini
Pole dada. Ukitaka kuanza tena, waambie mkutane kwa awamu fupi fupi. Wengi wanakubali kupunguza bei wakijua hali yako, ila hawakuambii mpaka uulize.

#35 Mfanyakazi_Hoi
Mimi nina tahadhari. Dada asije akaandikisha popote kwamba mdogo wake aliwahi kutaka kufa. Hapa nchini kujaribu kujiua ni kosa. Utaitiwa polisi.

#36 Wakili_Mtarajiwa
Kifungu kipo, ni cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Lakini kinasema kujaribu. Kuwaza si kujaribu, kutamani kulala si kujaribu, na kumweleza mhudumu wa afya si kosa. Tafadhali tusiwafunge watu midomo kwa kifungu wasichokisoma. Isitoshe tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayohusu matibabu ya wagonjwa hawa.

#37 Nesi_Mstaafu_Njombe
Asante mwanangu. Waliofia majumbani kwa kuogopa polisi nimewaosha.

#38 Kijana_Mwanjelwa
Swali la kijinga: si tusubiri tu Bima ya Afya kwa Wote? Bunge lilipitisha Novemba 2023.

#39 Karani_Sokomatola
Subiri wewe. Mtoto ana miezi mitano.

#40 Mwl_Kiwira
Nimerudi wakuu. Tulienda siku ya uzito kama mama alivyoelekeza. Nesi wa kliniki alitufungia mlango. Tukaandikiwa kwenda wilayani, huko tukampata muuguzi wa afya ya akili. Alimpa dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, la mwisho linahusu mawazo ya kifo. Wakati wa kujibu nilitolewa nje. Damu ilikuwa chini kweli, tezi bado hatujapata majibu. Amitriptilini hawajamwachisha, wamemrekebishia, na wamesema tumwangalie mtoto asilale kupita kiasi.

Rufaa ya Mbeya tumepewa. Shemeji keshajiandikisha CHF, na tumeanzishwa rufaa ya mkoa kwa sababu hiyohiyo ya CHF. Afisa ustawi amesema kadi ikichelewa kuanza kazi turudi na barua ya mtendaji.

#41 Mzee_wa_Ulanzi
Hongera dada. Na jina?

#42 Mwl_Kiwira
Mzee wangu, jina ni la bibi yake mzaa baba. Waliulizwa wote, hata mbuzi alichinjwa.

#43 Dereva_wa_Tunduma
Hahaha mzee kaa chini.

#44 Mzee_wa_Ulanzi
Basi itakuwa damu. Damu nayo ni jambo kubwa.

#45 Karani_Sokomatola
Au tezi. Au sonona yenyewe. Au shemeji anarudi usiku wa manane na bodaboda mke yupo peke yake na mtoto mchanga. Mwalimu hajatuambia hilo.

#46 Binti_Kitanzini
Na huenda vyote vinne. Ndiyo maana dodoso halitoshi, anahitaji mtu wa kumuuliza hayo.

#47 Mwl_Kiwira
La shemeji ni kweli anarudi usiku. Nimezungumza naye. Anasema asipopiga usiku marejesho ya pikipiki hayatimii.

#48 Mfanyakazi_Hoi
Hapo sasa mwanasaikolojia atafanya nini na marejesho?

#49 Binti_Kitanzini
Amwite shemeji kwenye kikao. Inaruhusiwa, na aombe tarehe itakayomfaa na yeye. Mwalimu, siku ya Mbeya nendeni na mtu wa kumbeba mtoto nje, yeye apate kuongea mikono mitupu. Na mkifika ulizeni tangu mwanzo ni kila baada ya wiki ngapi, msije mkarudishwa baada ya miezi mitatu.

#50 Mtu_wa_Makambako
Nimesoma mwanzo mpaka hapa. Sisi tulio Makambako tunaelekea Njombe au Iringa? Mdogo wangu wa kiume, alifukuzwa chuo.

#51 Nesi_Mstaafu_Njombe
Wewe ni mkoa wa Njombe, rufaa yenu ya mkoa ni Njombe. Anza kituo cha afya hapohapo Makambako. Alifukuzwa lini? Kama bado ana bima ya mwanafunzi aliyolipia chuoni, iangalieni tarehe ya kuisha kabla hamjatoa fedha.

#52 Mtu_wa_Makambako
Naiangalia sasa hivi. Ahsante mama.

#53 Kijana_Mwanjelwa
Mama Nesi, bei ya parachichi hukunijibu.